Vipindi vya Jumatano

Maganga alinunua mchele akiwa hana cha kuutilia, na balaa lote lilianzia hapo.

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa hamsini na sita, gulio la Bariadi limefurika. Kijana mwenyewe kapendeza: shati jeupe, kaptula iliyopigwa pasi ya makaa, soksi ndefu hadi magotini, sare ya chuo cha ualimu. Mchele wala hakuuhitaji, chuoni walipikiwa. Alichotaka ni kusimama mbele ya muuzaji, binti wa gauni la maua mekundu aliyecheka hadi mabega yakatikisika.

"Mwadila," akasalimu.

"Mwadila. Nikupimie vibaba vingapi?"

"Viwili."

"Nitie wapi?"

Maganga akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha, jamani, akavua soksi.

"Weee! Mchele huo utalika?"

"Nitaula mwenyewe. Unaitwa nani?"

"Benadetha. Na wewe, bwana soksi, leo huna masomo?"

"Jumatano hatuna vipindi kabisa."

Mwongo mkubwa! Jumatano kulikuwa na kipindi cha kufundisha watu wazima, saa mbili nzima. Mkufunzi alipoita majina, rafiki yake Athanasi alimwitikia "Nipo!" kwa sauti ya puani. Ungemuuliza Maganga sababu, angekwambia: kumfundisha mtu mzima kuna nini? Si herufi zilezile? Miezi mitatu kila Jumatano yuko gulioni, anashika kibaba, anaitwa "mwalimu wangu", roho imetulia.

Benadetha akamweleza baba yake, Mzee Shigela, mfugaji wa Sapiwi aliyehamia pembeni mwa mji.

"Mwalimu? Vizuri," mzee akasema. "Anifundishe kuandika jina langu. Siku nitakayoliandika, nampa mke. Akishindwa, nisimwone hapa."

"Jina moja tu?" Maganga akacheka alipoambiwa. "Wiki moja tumemaliza, mpenzi!"

Bahati ikaja mbio: chuo kikampangia mazoezi ya kufundisha katika darasa la watu wazima, na Mzee Shigela akajiandikisha. Siku ya kwanza wakaja wazee kumi na wawili, migolole mabegani. Maganga akawaimbisha a, e, i, o, u huku wakipiga makofi kama watoto wa darasa la kwanza. Wazee wakatazamana. Kisha akachora S kubwa ubaoni.

Mzee Shigela akasimama. "Hiyo ni chapa ya jirani yangu Kwandu, mwizi yule!"

"Ni herufi ya jina lako, mzee."

"Langu? Kwandu anawapiga ng'ombe wake chapa hiyo, na wawili kati yao ni wangu! Leo unataka nijipige mwenyewe?" Akajitupia mgolole, huyoo, akatoka.

Mkufunzi aliyekaa nyuma kukagua akaguna. "Maganga, nilisema mtu mzima anaulizwa kwanza alama anazozijua. Hata mfano wa chapa za ng'ombe niliutoa. Jumatano ile ulikuwa wapi?"

Dirishani alisimama Benadetha, aliyemsindikiza baba yake. Kila neno alilisikia.

"Kumbe Jumatano mna vipindi!" akamwakia Maganga nje.

"Benadetha, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Umenidanganya miezi mitatu. Sasa hujui kufundisha, baba kasusa, na atakayekosa mume ni mimi!"

"Nilikwepa kwa ajili yako."

"Nilikutuma? Si ungekuja gulio la Jumamosi?"

Haki ya Mungu, hilo la Jumamosi halikuwahi kumpitia akilini.

Wiki mbili mzee hakutia mguu darasani. Maganga akaazima madaftari ya Athanasi, akasoma hadi macho yakamwasha. Lakini ufundi wote huo amfundishe nani? Mwisho akajikaza, akaenda nyumbani kwa mzee, akapiga magoti uani.

"Nisamehe, mzee. Kipindi cha kufundisha watu kama wewe nilikikwepa. Nilikuwa gulioni kwa binti yako."

Mzee Shigela akamsogezea kigoda. "Unadhani nimesusa kwa sababu ya chapa? Chapa ilikuwa kisingizio tu." Akamwonyesha Benadetha, aliyekuwa akipepeta mchele. "Mama yake alipofariki, nilibaki na huyu peke yake. Wewe utapangiwa kazi mbali, utamchukua. Ulikwepa vipindi umpate, mimi navikwepa nisimpoteze. Haya, mwenye makosa nani?"

Hilo hata mimi ninayesimulia silijui.

Benadetha akaweka ungo chini, machozi yanamtoka. "Baba, nikiwa mbali nitakuandikia. Barua zangu atakusomea nani? Kwandu?"

Mzee akaenda kuwatazama ng'ombe wake ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Benadetha akamsindikiza Maganga hadi njiani. "Leo umesema kweli mbele ya baba, nimekusamehe. Lakini nikikuona gulioni Jumatano nakumwagia maji."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi njoo, na mfuko wako."

Kesho yake Maganga alimkuta Mzee Shigela mlangoni mwa darasa, wa kwanza. "Umechelewa, mwalimu," mzee akamkaripia.

Ilichukua wiki sita. Siku hiyo mzee aliandika jina lake lote ubaoni, herufi zimepinda kila moja kivyake. Wenzake wakapiga makofi bila kuimbishwa. Akafuta chaki mikononi, akamgeukia Maganga.

"Mchukue."

Kisha akamtazama binti yake aliyesimama dirishani.

"Ila uandike maneno mafupi, mama. Baba yako bado ni mwanafunzi."