Hotpoti Tupu za Hombolo

Aneth alimwona Ludovick kabla yeye hajaonwa. Ilikuwa Jumamosi sokoni Majengo, watu wanasukumana kwenye meza za nyanya, naye Ludovick amesimama kwa muuza zabibu, shati jeupe limenyooshwa, anaonja kana kwamba hajawahi kumliza mtu. Mwaka jana familia ya Aneth ilipika pilau, ikatandika mikeka na kungoja ujumbe wa posa kutoka kwa huyu huyu. Haukufika. Simu yake ikazimwa, na majirani wakacheka mpaka Krismasi.

"Aneth!" Zabibu zilimponyoka. "Umezidi kupendeza."

"Nimezidi kuzeeka. Za siku?" Akatabasamu, tabasamu la uongo mtupu. "Namba yangu ni ile ile."

Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Alitaka aaibike kama yeye alivyoaibika, basi. Jioni Ludovick akapiga.

"Mpenzi, naomba nikueleze..."

"Utanieleza tukitembea kesho. Kuna kijia pale bwawani Hombolo, kifupi, chepesi, hata bibi harusi anapita na viatu vyake. Vaa ile suti ya posa."

"Suti porini?"

"Nataka kuona nilichonyimwa."

Ludovick akacheka, maskini, akaenda kupiga pasi.

Njia ilipita juu ya ukanda mwembamba wa mchanga ulioingia majini. Aneth alitangulia na gauni lake la kitenge cha njano, raba miguuni. Upepo ulirusha vumbi, matete yakasugua suti, ndege weupe wakaruka na kutua mbele kidogo.

"Siku ile ya posa baba mdogo aligoma tulipofika Kibaigwa, njiani kuja kwenu," Ludovick alisema, jasho likimtiririka shingoni. "Alisema mwanamke anayefanya kazi wizarani hamheshimu mume. Akashuka kwenye gari. Bila mzee wa kunisemea, ningeingiaje kwenu?"

"Na simu?"

"Niliizima. Niliogopa sauti yako."

"Mwaka mzima?"

Siku zote Aneth alidhani kuna mwanamke mwingine, kumbe ni woga tu. Woga ulimuuma zaidi. Akaongeza mwendo ili Ludovick asiyaone machozi yake.

Mchanga ulipoishia, Generosa, shangazi yake Aneth, alikuwa ameketi mkekani, khanga mpya kifuani, hotpoti tatu mbele yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Karibu chakula chako, tulikutunzia."

Ludovick akavua viatu, akaketi, akafunua hotpoti ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu hakuifunua.

"Pilau yako tuliwapa majirani," shangazi alisema. "Walikula huku wanatucheka. Kula sasa, tukuangalie."

Aneth alikuwa ameingoja dakika hii kwa hamu. Alijua Ludovick atainuka na kukimbia, na yeye atamcheka mpaka mbavu zimuume. Lakini Ludovick hakuinuka. Alifunua ile ya tatu, akaitazama, akaifunika vizuri.

"Shangazi, hata leo sina mzee. Najisemea mwenyewe. Naomba kumuoa Aneth."

Shangazi akamgeukia mpwa wake. Moyo wa Aneth ulimwenda mbio, na hasira yake ilikuwa pale pale.

"Jumapili ijayo, mchana, nyumbani," alisema. "Uje peke yako." Akatoa simu yake, akaizima mbele ya macho ya Ludovick, akaitumbukiza kwenye pochi. Wiki nzima hakuiwasha, kazini kwake wizarani, kule Mtumba, wakamtafuta mpaka wakachoka.

Jumapili Ludovick alifika na suti ile ile.

"Hodi!"

Ndani, Aneth alipakua sahani mbili za pilau. Akaanza kula yake, taratibu, huku hodi zikiendelea na majirani wakichungulia.

"Mfungulie mtoto wa watu," shangazi alinong'ona.

"Bado nakula."

Alimaliza, akanywa maji, akanawa. Ndipo akafungua mlango. Ludovick alikuwa ameloa jasho, vidole vimekuwa vyekundu kwa kugonga.

"Chakula kimepoa," Aneth alisema.

"Nitakila hivyo hivyo."

"Kaa basi. Ila kwanza mpigie baba mdogo wako, umwambie uko kwetu na umekuja kuoa." Akaacha mlango wazi, akamsogezea kiti na ile sahani ya pili karibu na kizingiti. "Na uweke sauti kubwa, majirani wasikie."

Ludovick akaketi. Akachukua tonge moja la pilau baridi, akapiga.