Toroli la Mikate na Presha ya Geti

Kila alfajiri mkwe wangu husukuma toroli la mikate hadi kituo cha basi. Toroli lenyewe ni sanduku la bati jembamba, lenye milango miwili. Mwaka huu rangi yake ilianza kubanduka. Bwana Afya alipookota kipande cha rangi juu ya mkate, alinuna.

"Jumatatu nakuja kukagua. Nikikuta rangi hii, huuzi."

"Usijali, mke wangu," alisema mwanangu, fundi wa mageti. "Naipiga mchanga, inatoka yote!"

Tangu utotoni mwanangu huua mbu kwa mchi. Alijaza mchanga wa mtoni kwenye mashine yake ya kurusha mchanga kwa upepo, akafungulia presha aliyotumia kwenye geti la msikiti. Rangi ilitoka, sikatai. Lakini mlango ulikunjamana kuliko uso wangu, na mimi nina vitukuu!

Mkwe akashika kiuno. "Baba watoto, huu ni mlango au karatasi ya kufungia nyama?"

Jirani yetu, mama anayepaka magari rangi, alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaja.

"Shemeji, presha ngapi?"

"Paundi mia."

"Hiyo ni ya chuma kinene. Bati ukilitwanga hivyo linatanuka, halafu linajikunja. Shusha hadi arobaini. Na mchanga huo uache, hata kwa geti. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Geti lipige kwa chenga za chuma. Bati linataka kitu laini, kokwa zilizosagwa. Ninazo gunia zima."

"Kokwa za matunda?" nikauliza. "Mimi nazitema kila siku, kumbe nina kiwanda!"

Mwanangu akavaa kinga ya uso na ya pua.

"Anza kona ya chini, pasipoonekana," jirani akasema. "Ukiona bati linacheza, shusha tena. Simama mbali kidogo, piga kimshazari, usigande mahali pamoja."

Rangi ikatoka polepole. Bati likabaki limenyooka. Mwanangu akakata mlango mpya badala ya ule ulioharibika, wakafuta vumbi, wakapaka rangi siku hiyohiyo kabla kutu haijabisha hodi.

Jumatatu Bwana Afya alipitisha kidole kila pembe. Kidole kikatoka safi. Akanunua mikate miwili.

Ule mlango wa makunyanzi mwanangu alitaka kuutupa. Nikamkatalia. Sasa umetundikwa karakanani, juu ya mashine, ili akumbuke kujaribu kwanza konani. Nami nikipita nausalimia. Hatimaye nimepata wa rika langu.