Chupa Iliyotoka Maabara

Ezron alikutwa amekufa kitandani kwake, Kinyala, mvua ikipiga bati. Uvunguni palikuwa na chupa ya kioo, imebaki nusu.

Inspekta Rahima alivaa glavu, akaifungua, akanusa. Harufu ya spiriti ikamrudisha nyuma. Chupa hiyo alikuwa akiitafuta tangu juzi, ilipoibwa kwenye maabara ya utafiti mjini Tukuyu. Basi akampigia simu mtafiti, Lilian, akafika amelowa.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, afande. Ni maji ya uyoga wa msituni. Tuliyaweka kwenye seli za saratani ya ini, zikapunguza kasi ya kukua."

"Seli za mtu?"

"Za kwenye kisahani cha maabara. Mtu bado. Na humo kuna methanoli, tuliyokamulia uyoga. Ni sumu. Hukawia kufanya kazi; asiyekufa, inamla macho."

"Nani alijua habari za uyoga huo?"

"Wachumaji wetu. Niliwaeleza kwenye mkutano, wakapiga makofi."

"Uliwaambia ni sumu?"

Lilian akainamisha kichwa. "Niliwaambia inapunguza saratani."

Nyumba yangu ina nguzo moja: watoto hutega, na hata mdogo hutegua kuwa ni uyoga. Kitendawili cha leo hakikuwa cha watoto. Marehemu alikuwa na saratani ya ini, kitandani hatoki. Nani alimnywesha?

Majirani walimnyooshea kidole Amoni, mdogo wake, aliyegombania naye migomba. Rahima akamweka kando barazani.

"Ulimpa nini kaka yako?"

"Nimpe nini mimi? Tulikuwa hatusemeshani. Na kaka hapokei kikombe ambacho mtoaji hajakionja mbele yake. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hata dawa?"

"Hata maji, afande."

Rahima hakumuuliza tena. Akaingia jikoni.

Tupokigwe, mke wa marehemu, alikuwa akimimina chai. Kikombe kilikuwa huku, chai ikimwagika kule, juu ya mkeka.

"Karibu, mwanangu polisi. Kunywa, kuna baridi."

"Asante, mama. Hebu niambie, nimevaa nini kichwani?"

"Si kofia yenu hiyo."

"Ni mtandio, mama."

Birika likatua chini taratibu.

"Macho yalianza lini?"

"Jana. Nikasema ni moshi."

"Ulionja."

"Ningempaje mume wangu kitu nisichokionja?" Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nilipeleka uyoga maabara, nikakuta mlango wazi. Nikaitia chupa kapuni, nikaifunika majani ya mgomba. Hospitali walishasema tumrudishe nyumbani. Sikuomba apone, mwanangu. Yule binti alisema inapunguza. Nilitaka ipunguze tu, amwone Anyosisye wetu akiolewa."

"Haikukuwasha kooni?"

"Iliwasha. Dawa gani tamu? Nikameza, nikakaa nikingoja. Nikajiona mzima, ndipo nikampa. Nilijua kama ni mbaya, nitatangulia mimi."

Rahima alikuwa ameshika pingu. Akazirudisha mfukoni.

"Tunaanza hospitali, mama. Kituoni baadaye."

"Sawa. Ila nipitishe kwake kwanza. Wameshamfunika?"

"Bado."

Akamshika mkono, wakavuka ukumbi polepole, wafiwa wakiwapisha. Tupokigwe akapapasa shuka, kifua, kidevu, mpaka akaupata uso.

"Amefumba macho?" aliuliza.

"Amefumba, mama."

"Ndaga," akashukuru, na mkono hakuutoa.