Kidoti na Makato ya Bima

Baba Kidoti alikuwa mkandaji unga katika kiwanda cha mikate. Mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu. Wenzake walisema siku moja aliegemea ukuta, ukuta ukaumuka. Aliyebisha aliambiwa akauguse.

Jumatatu moja wafanyakazi waliitwa kwenye ghala la unga. Wakakaa juu ya magunia. Afisa wa bima akasimama mbele yao.

"Mkataba wenu wa bima ya afya unakwisha," alisema. "Mkitaka, mkataba mpya utalipia pia mafunzo ya watoto wenye usonji. Lakini mkikubali, ni lazima kila mwanachama achangie. Makato yatapanda kwa bei ya mkate mmoja kila mwezi."

"Hata mimi nisiye na mtoto mdogo?" aliuliza Bwana Hamira, msimamizi wa tanuri. Walimwita hivyo kwa sababu ya tumbo lake. Lilipanda kila mwaka na halikushuka.

"Hata wewe, mzee."

"Basi mnatupokonya mkate mdomoni!"

Watu wakacheka. Baba Kidoti alicheka kuliko wote. "Usonji ndiyo nini?" alisema. "Kila mtu ajilipie mambo yake, bwana!" Akawa wa kwanza kunyoosha mkono kukataa.

"Leo nawasikiliza tu," afisa alisema. "Kura ni Jumamosi."

Jioni Baba Kidoti alirudi nyumbani. Binti yake Kidoti, mwenye miaka minne, alikuwa mkekani. Alikuwa akipanga vifuniko vya chupa katika mstari mmoja mrefu.

"Kidoti! Baba amerudi!"

Kidoti hakugeuka.

"Mtoto huyu ana kiburi," baba alisema. "Mama Kidoti, umemdekeza."

"Mimi? Na anayemletea mkate wa moto kila siku ni nani? Jirani?"

Jirani mwenyewe alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha sufuria. Alifanya kazi katika kliniki ya watoto. Aliwafundisha watoto wanaopata shida kuongea na kuelewana na wenzao.

"Labda hasikii vizuri," mama alisema.

"Hasikii? Ngojeni." Baba alikuwa na trei mbili kuukuu za kuokea mikate. Akazigonga nyuma ya mtoto. Paa! Inasemekana jogoo wa mtaa wa pili aliwika, akidhani kumekucha.

Kidoti akaziba masikio. Akalia sana, akajikunja chini.

"Mmeona? Anasikia! Ni jeuri tu."

"Weka hizo trei chini, shemeji," jirani alisema taratibu. "Anasikia. Ila kelele inamuumiza kuliko inavyokuumiza wewe. Je, anaongea?"

"Hapana," mama alisema. "Alikuwa na maneno mawili matatu, yakapotea. Sasa ananivuta mkono na kulia. Sijui anataka nini."

"Sitaki kubahatisha. Mleteni kliniki apimwe."

Wakampeleka. Daktari alimtazama Kidoti akicheza. Aliwauliza wazazi maswali mengi. Mwisho akasema, "Mtoto wenu ana usonji."

Mama akaanza kulia. "Nilikosea nini nilipokuwa na mimba yake?"

"Hukukosea kitu, dada," jirani alimjibu. "Si laana, wala si malezi mabaya. Ubongo wake umekua kwa namna yake. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Lakini akifundishwa mapema, anaweza kujifunza kutuambia anachotaka. Na ninyi mtajifunza kumwelewa."

"Gharama ni kiasi gani?" baba aliuliza.

Akatajiwa. Gharama ya mwezi mmoja ilizidi mshahara wake.

"Kwa nini ghali hivyo?"

"Mwalimu mmoja anakaa na mtoto mmoja, kila wiki, kwa muda mrefu. Bima yenu inalipia?" jirani aliuliza.

Baba Kidoti akakohoa. "Itapigiwa kura Jumamosi."

"Alhamdulillahi!" mama alisema. "Nani atakataa jambo kama hilo?"

Baba Kidoti akavitazama viatu vyake kama vile vimenunuliwa leo. "Mimi," alisema. "Nilikuwa wa kwanza."

Jirani akawasindikiza nje ya kliniki. Mama akasema, "Mkono uliounyoosha haukushonwa hewani. Ushushe."

"Lakini siwezi kununua bima hiyo peke yangu?" Baba Kidoti alimuuliza jirani.

"Wakichangia wenye watoto hawa tu, kila mmoja atalipa karibu gharama nzima. Bima haiyeyushi gharama. Inaigawa."

Jumamosi Baba Kidoti alisimama ghalani. 

"Nimebadili mawazo," alisema. "Naomba tukubali."

"Jumatatu ulikuwa upande wetu!" Bwana Hamira alifoka. "Umelishwa nini?"

"Jumatatu sikumjua mwanangu. Binti yangu ana usonji."

Wenzake wakageuka kumtazama.

"Bwana Hamira," aliendelea, "chumvi ya mikate yote ya leo, nikiitia katika mkate mmoja, utaula?"

"Nitautema."

"Na nikiigawa katika mikate yote?"

"Hapo unakula vizuri tu."

"Basi ni hivyo. Sisemi hatutakatwa. Tutakatwa, hata mimi. Lakini gharama hii ikiangukia nyumba moja, nyumba hiyo haiwezi kuimeza."

"Na mimi nitafaidika nini?"

"Mwaka jana ulilazwa kwa presha. Mimi sina presha. Nilichangia, na sikukuuliza."

"Presha yangu imeingiaje hapa?" Bwana Hamira alinung'unika, akishika tumbo.

Wakapiga kura. Mikono ilipanda, mingine kwa haraka, mingine kwa shingo upande. Mkono wa Bwana Hamira ulifika sikioni, kama wa mtu anayejikuna. Afisa akauhesabu. Wanaokubali wakawazidi wanaokataa kwa watu watatu.

Mkataba mpya ukaanza. Kila mwezi makato yakipita, Bwana Hamira huguna. Baba Kidoti naye huguna kidogo. Hakuna apendaye kukatwa.

Kidoti alianza mafunzo. Alijifunza kutoa picha ya kitu anachokitaka. Wazazi wakajifunza kusema maneno machache, kisha kungoja. Bado hapendi kelele, na nyumbani hakuna tena anayegonga trei.

Mchana mmoja Baba Kidoti alikuwa akinywa maji. Kidoti akaja mbele yake. Hakushika picha yoyote. Akanyoosha kidole.

"Maji."

Baba akampa kikombe. Akampa na jagi. Akakimbilia ndoo.

"Baba Kidoti!" mama alimwita, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mtoto ameomba maji, hakuomba mafuriko!"