Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Taa ya mkanda iliwaka kwenye dashibodi, ile nyekundu, na mlio wake wa pi pi pi ukafuata. Garini walikuwemo watu wawili, wote mbele, wote wamefunga. Taa ilikuwa ya kiti cha nyuma.

"Umeweka mzigo kitini?" mke aliuliza.

"Hakuna hata kofia," mume alijibu.

Mke alikuwa mwalimu wa udereva, na hata nyumbani mumewe alimwita Mwalimu. Miaka tisa alikuwa amewafundisha watu kwamba gari haliondoki mpaka kila aliyemo amefunga mkanda. Mume alikuwa fundi wa majokofu, na kwake kila kelele ilikuwa na waya wake. Walikuwa wamekodi gari lenye kitanda, sinki na jiko la gesi, wazunguke nchi ya mbali kabla tumbo la Mwalimu halijagusa usukani. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilitoka, kwa hiyo hii walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini.

Fundi alijipenyeza nyuma, akauchomeka mkanda kwenye kiti kitupu. Mlio ukakatika.

"Waya tu huo," alisema, akijiona mjanja kweli kweli.

Saa moja kabla ya hapo walikuwa wamesimama penye vichaka kando ya barabara, wakachemsha tambi. Fundi alichukua sufuria, akafungua mlango wa ubavuni, akamwaga yale maji yanayotokota chini ya kichaka. Mwalimu alikuwa akimkanya jambo hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Maji ya moto hayamwagwi nje hivi hivi. Unatanguliza neno, walioko pale wasioonekana wapishe. Ndivyo bibi yake alivyomlea. Fundi yeye alikuwa akicheka tu.

"Niwapigie hodi mchwa?" alisema siku hiyo, na sufuria ikainama.

Chini ya kichaka kitu kililia mara moja, kwa sauti nyembamba. Fundi akasema ni panya.

Harufu ilianza mchana huohuo. Ilikuwa harufu ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe. Walifungua madirisha yote, na upepo ukapiga mpaka ramani ikaruka, lakini harufu haikubanduka. Waliposimama kujaza mafuta, Mwalimu aliukuta mkanda wa nyuma umefunguliwa na kurudi mahali pake vizuri, kana kwamba aliyekaa pale ameshuka kidogo kunyoosha miguu. Walipoondoka ziliwaka taa mbili.

Safari hii Fundi hakwenda nyuma kufunga chochote. Mwalimu aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akaona vile viti viwili vimebonyea, kimoja sana na cha pili kidogo tu, na kwenye kile kidogo unyevu unatambaa kitambaani kama kidonda kinachotoa maji, na hapo ndipo aliposikia mtoto akiguna kwa maumivu, na mwanamke akimbembeleza kwa wimbo usio na maneno, na wimbo ukasogea, ukapita kitanda, ukapita sinki, mpaka ukawa nyuma kabisa ya shingo yake, ukakoma.

"Nani alimwaga?" sauti iliuliza.

Tumbo la Mwalimu lilikaza likawa gumu. Aliendesha hivyohivyo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya mtoto wake, mpaka wakafika kwenye kambi ya wasafiri.

Dobi wa kambi, mama mtu mzima, alikuja kuchukua mashuka. Alifika mlangoni akarudi nyuma hatua mbili.

"Mmebeba mama na mgonjwa wake," alinong'ona. "Mlimwaga nini njiani?"

Mwalimu akamweleza.

"Anauliza kwa sababu mkono hakuuona, alimwona mwanawe tu. Akipata jibu la kweli, humalizana na mwenye kosa, wengine hawagusi. Akidanganywa, atachukua mtoto kwa mtoto. Na leo hii, mwanangu, si kesho."

"Mwenye kosa atamfanya nini?" Fundi aliuliza.

"Sijaonana na aliyerudi kusimulia."

Fundi alilitazama tumbo la mkewe, akaitazama sufuria. Kisha akaugeukia ule mlango uliokuwa wazi.

"Ni mke wangu," alisema haraka. "Yeye ndiye mpishi."

Maumivu yalimkata Mwalimu kiunoni mpaka akaushika ubavu wa gari. Alipoweza kunyanyuka hakuwa na chozi. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimtuliza.

"Wewe una mimba," Fundi alimnong'oneza. "Nilijua atakuonea huruma."

"Sawa, baba. Niletee mkoba wangu, uko kitandani."

Fundi aliingia. Mwalimu aliushika mlango kwa mikono miwili, akauburuta mpaka ukajifunga.

"Mama mwenzangu," alisema dirishani, "sufuria alishika huyo."

Ndani mkanda ulilia klik, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Fundi alimwita mkewe kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakulitumia tangu harusi, akaliita tena na tena huku sauti ya maji yanayochemka ikipanda, ilhali jiko lilikuwa limezimwa tangu kule vichakani, na mvuke ukavifunika vioo vyote kutoka ndani, na kiganja kikajibandika kiooni, kikateleza taratibu hadi chini. Tumbo la Mwalimu likalegea. Mtoto akacheza.

Dobi alipofungua mlango hapakuwa na mtu. Mikanda mitatu ilikuwa imefungwa juu ya viti vilivyolowa.

Polisi walitafuta wiki mbili. Mwalimu alirudi kwao, na miezi mitatu baadaye akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti.

Siku ya kutoka hospitali alimfunga kwenye kiti chake kidogo nyuma, akakaa mbele ya usukani, akafunga mkanda. Alimwona dada yake akivuka uwanja wa magari na mfuko wa nepi. Akawasha gari. Taa ikawaka, ya kiti kilicho kando ya mtoto.

Safari hii harufu ilikuwa ya tambi.

"Mwanangu mzuri," sauti ya Fundi ilisema taratibu. "Hebu tumuulize mama. Nani alifunga mlango?"

Mwalimu alitazama kwenye kioo. Blanketi la mtoto lilikuwa linavutwa, polepole, kuelekea kiti cha pili. Angeweza kusema ni dobi, dobi alikuwa mbali.

"Mimi," alisema.

Blanketi likaachiwa. Mkanda wake mwenyewe ukaanza kukaza kifuani, na ulikuwa wa moto. Nyuma yake mtoto aliendelea kulala.