Gundi na Viatu vya Mguu Mmoja

Fundi viatu alikuwa na mbwa mdogo, na mbwa huyo alimpenda kupita kiasi. Fundi akienda dukani, mbwa yuko nyuma. Fundi akiingia chooni, mbwa yuko mlangoni, analia kama kaachwa yatima. Kwa kung'ang'ania huko, wakamwita Gundi.

Kila asubuhi Gundi alimsindikiza Fundi kazini. Hapakuwa mbali. Ilikuwa meza ndogo kando ya barabara, karibu na nyumbani. Chini ya bati lile lile alifanya kazi Dobi, mtu mpole, na pasi yake ya mkaa. Walikuwa pamoja mwaka wa tisa. Fundi alikuwa na mdomo, Dobi alikuwa na masikio, basi urafiki ukaenda vizuri.

Gundi alikuwa na miezi mitano, na vituko tele. Alikimbiza mkia wake mwenyewe mpaka akaanguka. Alibwekea moshi wa pasi. Akizidi kusumbua, Fundi alimtupia kiatu kikuukuu.

"Shika hicho, tafuna, uniache nifanye kazi!"

Gundi alitafuna mpaka soli ikang'oka. Fundi akacheka. "Jamani, huyu ni fundi mwenzangu!"

Mwezi ule viatu vya wateja vikaanza kupotea. Kilipotea kiatu cha mwalimu. Kikafuata cha dereva. Halafu kikapotea cha muuguzi. Kila mara kilipotea kimoja tu, mwenzake kabaki mezani.

Muuguzi alipokuja, alikuta kiatu kimoja.

"Fundi, kwani mimi nina mguu mmoja?" aliuliza.

Watu wakaangua kicheko. Fundi aliona aibu. Na mtu mwenye mdomo akiona aibu, hutafuta wa kumbebesha. Akamgeukia Dobi.

"Mimi nikienda kula, anabaki nani hapa? Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Unanisema mimi?" Dobi aliuliza polepole.

"Sijataja jina la mtu. Mwenye kusikia amesikia."

"Nichukue kiatu kimoja, nikifanyie nini?"

"Leo kimoja, kesho cha pili! Wezi wa siku hizi wana akili."

Maneno ya kipuuzi, lakini yalisemwa mbele ya watu. Dobi alikunja mashati yake, akahamisha meza yake ng'ambo ya barabara. Habari ikaenea haraka. Nani anapenda kumpa nguo zake mtu anayeitwa mwizi? Rundo la nguo mezani kwa Dobi likapungua siku hadi siku.

Wiki hiyo daktari wa mifugo alipita nyumba kwa nyumba akichanja mbwa. Alikuwa mama mmoja mcheshi, mwenye tochi mfukoni. Alipofika kwa Fundi, Gundi aliiona sindano, akakimbilia nyuma ya rundo la kuni. Daktari akainama, akamulika.

"Fundi, kumbe stoo yako ya viatu iko huku?"

Akatoa kiatu cha mwalimu. Akatoa cha dereva. Akatoa cha muuguzi, kisigino kimetafunwa chote. Mke wa Fundi akashika mdomo. "Mungu wangu! Ndiyo maana kila mchana hukutangulia kurudi mbio! Na Dobi wa watu!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Akaokota ukuni ampige mbwa.

"Weka chini!" Daktari alisema. "Amechukua juzi, unampiga leo. Ataelewa nini? Atajifunza kukuogopa tu, na kuficha zaidi."

"Lakini ni mwizi huyu!"

"Mwizi? Anabadilisha meno. Fizi zinamuuma, lazima atafune kitu. Nani alimfundisha kutafuna viatu?"

Fundi akatazama chini. "Nilimpa vya zamani tu."

"Yeye atajuaje cha zamani na kipya? Kwake vyote vinanuka ngozi na miguu ya watu. Na ushukuru hakumeza msumari. Leo ungekuwa unamzika."

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Weka viatu vyote juu, asikofika. Mpe kitu chake mwenyewe, kisichofanana na kiatu."

"Nimfungie fundo la nguo kuukuu?"

"Thubutu! Ili akatafune mashati ya dobi?"

Fundi aliposikia neno dobi, alitazama pembeni. Daktari hakujua. Aliendelea kueleza.

"Chukua kamba nene, uipige fundo. Akikamata kiatu usimkimbize, ataona ni mchezo. Mpe kamba, mbadilishane. Akiachia kiatu tu, msifu hapo hapo. Na umtembeze asubuhi na jioni. Mbwa asiye na kazi hujitafutia kazi."

Kisha akamchanja Gundi. "Hii ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni kila mwaka, usisahau."

Fundi alifuata yote. Alipigilia rafu juu ya meza. Alitafuta kamba. Alimtembeza Gundi asubuhi na jioni. Mara mbili Gundi alinyakua kiatu. Mara mbili Fundi alichuchumaa, akamwonyesha kamba, Gundi akaachia kiatu. "Vizuri sana, Gundi!" Mkia ukatikisika mpaka mwili mzima ukayumba. Zikapita wiki mbili, hakuna kiatu kilichoguswa.

Viatu vitatu Fundi alivitengeneza, akavirudisha kwa wenyewe. "Vilikuwa wapi?" wakauliza. "Vimeonekana tu," akajibu, na kujifanya anatafuta uzi. Ng'ambo ya barabara Dobi alikaa mikono mitupu, pasi imepoa. Fundi hakuweza kumtazama. Aligeuza stuli yake, akaipa barabara mgongo.

"Umemwambia?" mkewe aliuliza kila jioni.

"Kesho."

Siku moja mkewe alichoka. "Gundi kajifunza kwa wiki mbili, na ni mbwa. Wewe je? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, baba watoto. Umeshajikwaa. Sasa inuka!"

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alivuka barabara, Gundi nyuma yake, kamba mdomoni.

"Ndugu yangu," alisema, "mwizi hakuwepo. Viatu alivichukua mbwa wangu, na aliyemzoesha ni mimi. Nimelijua hili wiki mbili nzima, nikanyamaza. Nina aibu mpaka sijui niweke wapi uso wangu. Nisamehe."

Dobi aliuliza, "Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Mimi nitakusamehe. Lakini binti yangu shuleni wanamwita mtoto wa mwizi. Siku hizi anakula peke yake. Nenda ukamwambie yeye."

Fundi alikwenda saa ileile. Wanafunzi walikuwa wakiingia getini. Binti wa Dobi alikuwa na miaka kumi. Alipomwona Fundi hakumwamkia. Alisimama tu, mkoba kifuani.

"Mwanangu," Fundi alianza kwa sauti ya chini, "mimi nilikosea..."

"Hawasikii," mtoto alisema.

"Nani?"

"Wenzangu. Ulipomsema baba, kila mtu alisikia."

Fundi aliwatazama wanafunzi. Mzee mzima, mbele ya watoto! Akapaza sauti. "Jamani, nisikilizeni! Dobi hajaiba kitu! Viatu alivichukua mbwa huyu! Mimi ndiye niliyemsingizia mtu mwema, na nilikuwa mwongo!"

Watoto walimwona Gundi na kamba yake mdomoni, wakacheka sana. Mwalimu alisogea kusikiliza. Hata muuza maji alisimama. Fundi akarudia yote, tangu mwanzo, jasho likimtoka. Wasichana wawili waliacha kucheka, wakaja kusimama karibu na binti wa Dobi. Mmoja akamshika mkono.

Kengele ikalia. Binti akapiga hatua mbili, akageuka nyuma.

"Shikamoo, baba," alisema.

Fundi akafuta jasho usoni.

"Marahaba, mwanangu."