Namba Kumi na Saba Hajapanda

Sindano alikuwa anakimbia kati ya nyumba za wachimbaji, simu ya setilaiti ya Thuraya sikioni.

"Nakusikia, Shangazi."

"Mwongozaji wenu si mtu wa filamu," alisema mkuu wake wa idara ya siri. "Katumwa na wanaotaka mgodi ufe wauokote bure. Kaingiza baruti ndani ya sanduku la betri. Liko wapi?"

Wiki tatu Sindano alijifanya mtu wa sauti kwenye filamu ya maisha ya jiji hili, jiji la barabara moja na kazi moja. Wiki tatu mwongozaji, aliyeshika kamera mwenyewe, aliwafokea wenzake wasiguse sanduku la betri. Mtu wa kamera haachani na betri zake, kama mama na kichanga. Leo, baada ya kupiga picha chumba cha pampu, mwongozaji alipanda kutoka shimoni na kamera tu, bila sanduku, anapiga mluzi.

"Liko chini. Kwenye pampu."

"Basi kaliunganisha na waya wa mlipuko wa kupasua mwamba, ule wa kila siku saa nane."

Zilibaki dakika mbili.

Pampu zikivunjika, maji yangeumeza mgodi. Na jiji nalo.

Alijitoma kwenye chumba cha mlipuaji. Watu tele. Mzee mlipuaji kashika ufunguo wa mtambo. Mwongozaji kando yake, kamera begani.

"Dada wa sauti, umechelewa!"

Bastola yake, Glock 19, ilikuwa ndani ya begi la maikrofoni. Lakini akiichomoa, mkono wa mzee ungeweza kushtuka.

Ukutani palikuwa na ubao wa vibati vya namba. Kila anayepanda kutoka shimoni hutundika chake. Kikikosekana kimoja, mlipuaji hawashi, hata aamriwe na nani.

Sindano alijikwaa, akauegemea ubao. Kibati kimoja kikazama kwenye mkono wa koti lake.

Mzee alihesabu mara ya mwisho. Akachomoa ufunguo.

"Kumi na saba hajapanda."

"Kumi na saba ni mimi!" mwongozaji alifoka. "Si huyu hapa?"

"Kibati chako hakipo. Kwa hiyo uko chini, mwanangu."

"Wasalimie wa huko!" mtu alidakia. Wakaangua kicheko.

"Washa, mzee! Washa sasa hivi!"

Kicheko kikakatika.

"Mbona una haraka hivyo," mzee aliuliza polepole, "na wewe kazi yako picha?"

Mwongozaji akaurukia ufunguo.

Sindano akampiga mtama. Kamera ikapasuka sakafuni. Mdomo wa Glock ukamgusa kisogo.

"Tulia hapo hapo, bosi. Mzee, kuna sanduku la baruti kwenye pampu."

Mzee alishuka mwenyewe. Baadaye redio ikakoroma: "Tumelitoa. Pampu zinanguruma."

Polisi walipokuwa wanamfunga pingu mwongozaji, mzee alimkuta Sindano mlangoni.

"Na filamu je, binti? Mke wangu kashashona gauni la kuonekana."

"Mwambie alivae tu, baba. Jiji bado lipo."

Akatoka kwenye jua, begi begani, bila kugeuka.